Seti ya theluji yafika Kidete: chukua rimu, acha tairi

MWENYE gari wa Kidete hana haja ya kuiwaza theluji. Shida zake anazijua: tope la masika, vumbi la kiangazi na maji ya Mto Mkondoa yanapoamua kupita yanapotaka. Lakini theluji imemfuata mpaka mlangoni. Imekuja imefungwa kwa nati chini ya gari alilonunua, ndani ya matairi manne yaliyotengenezwa kwa ajili ya barabara za barafu za Japani.

Wiki hii ukurasa huu unaziacha kidogo bei za nafaka na kuingia kwenye matairi. Mfanyabiashara anayenunua gari la haibridi, yaani linalotumia petroli pamoja na mota ya umeme, hufanya hivyo ili kubana matumizi ya mafuta. Akishalipata hulipokea na tairi lililokuja nalo, bila kuuliza. Hapo ndipo akiba yake inapoanza kuvuja.

Nianze na la nyumbani. Mjomba wangu hununua mahindi Kidete na kuyauza Morogoro. Mahindi yenyewe hupanda lori la kukodi. Gari lake ni la kumfikisha kwa wakulima, kwa madalali na benki. Alikuwa na pikapu kuukuu iliyokunywa petroli kama ng'ombe mtoni. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA ilipotangaza bei kikomo, alikaa na kalamu na daftari akiguna. Mwishowe akaiuza, akanunua Toyota Aqua kwa muuzaji mmoja wa magari ya mtumba jijini Dar es Salaam. Hesabu yake ya mafuta haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa chini.

"Mjomba, tazama kashata hili," aliniambia siku ya kwanza, akiwa amechuchumaa kando ya gurudumu la mbele. "Gari limetumika, lakini tairi kama jipya. Na kampuni yake hii hapa imeandikwa, Studless."

Studless si kampuni. Ni neno ambalo viwanda vya Japani huliandika ubavuni mwa tairi la baridi lisilo na misumari. Zamani madereva wa mikoa yenye theluji nchini humo walitumia matairi yenye vijisumari vya chuma vilivyong'ata barafu. Vijisumari hivyo vilikwangua lami na kutimua vumbi lililolalamikiwa na watu wa miji kama Sendai, na mwaka 1990 Japani ikapitisha sheria ya kuyazuia. Mbadala ulikuwa umekwisha kuingia sokoni: Bridgestone ilitoa tairi lake la Blizzak mwaka 1988, na leo Yokohama, Dunlop na Toyo nao wanayo ya kwao.

Badala ya msumari, kazi ya kushika barafu walipewa mpira wenyewe. Ulifanywa laini ili usikakamae kwenye baridi, kisha kila tofali la kashata likachanjwa chale nyingi nyembamba. Ndiyo maana tairi hili huonekana limejaa hata likiwa limetumika misimu miwili mitatu. Kashata lake lilianza likiwa refu kuliko la tairi la kawaida.

Yanafikaje huku? Katika mikoa ya theluji ya Japani, familia yenye gari huwa na seti mbili za magurudumu, moja ya kiangazi na moja ya baridi, kila moja na rimu zake. Gari likiuzwa mnadani wakati wa baridi, huondoka na seti ya baridi. Msafirishaji hana sababu ya kulivisha jingine. Seti nyingine huuzwa peke yake na kuishia kwenye maduka ya vipuri vya mtumba.

JOTO LA KILOSA

Kanuni inayotumiwa na viwanda ni kwamba tairi la baridi hufanya kazi vizuri kunapokuwa na nyuzi joto chini ya 7 hivi. Adhuhuri ya Kilosa wakati wa joto hupita nyuzi 30, na lami yenyewe huwa na moto zaidi ya hewa. Katika hali hiyo mpira ule laini hufanya mambo matatu. Unakwisha haraka, hasa mabegani. Matofali ya kashata yaliyochanjwa chale yanayumba kila unapokata kona au kukanyaga breki, na kuyumba huko kunazidisha joto ndani ya tairi. La tatu ni zito zaidi: gari linachukua umbali mrefu kusimama, kwenye lami kavu na kwenye lami yenye maji.

Kwa gari la haibridi aina ya Aqua au Prius, mzigo wa magurudumu ya mbele ni mkubwa zaidi. Ndiyo yanayovuta gari, na mota ya umeme hutoa nguvu yake yote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Dereva akipunguza mwendo, mota hiyohiyo hugeuka kuwa breki ili kuchaji betri, na breki hiyo huwa ni ya magurudumu ya mbele. Vitambaa vya breki vitadumu, na mwenye gari atafurahi, lakini tairi la mbele linafanya kazi pande zote mbili.

Mjomba alijifunza haya kwa gharama. Kiangazi kimoja tu kiliyamaliza mabega ya matairi mawili ya mbele. Mvua za kwanza za vuli zilimkuta kwenye lami kati ya Dumila na Rudewa, ng'ombe wakakatiza, akakanyaga breki. Gari halikusimama pale alipozoea lisimame. Liliteleza likaingia mtaroni. Hakuumia, na ng'ombe waliendelea na safari yao. Bampa, taa moja na siku nzima ya soko vilikwenda.

Nisiwe mwongo: kwenye tope tairi la theluji si baya. Yuko dereva atakayekuapia kwamba lilimtoa mahali ambapo tairi la kawaida lilikwama. Ni kweli kwa tope jepesi. Udongo wa mfinyanzi wa njia za vilimani huziba zile chale nyembamba mara moja, na tairi linabaki laini kama sabuni. Halafu mfanyabiashara haishi kwenye tope. Akishatoka Kidete na kufika Kilosa, kutoka hapo hadi Morogoro anakwenda kwenye lami, kwa mwendo, huku malori yakimfuata nyuma.

NAMNA YA KULITAMBUA

Inama usome ubavu. Ukikuta neno STUDLESS, jibu umepata. Ukikuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na nyota ya theluji ndani yake, tairi limepimwa kwa ajili ya theluji. Hapa kuna tahadhari: yapo matairi ya misimu yote yenye mchoro huo, na hayo mpira wake si laini sana, kwa hiyo tazama pia chale. Herufi M+S peke yake zisikutishe. Zina maana ya tope na theluji, na hupatikana kwenye matairi mengi ya barabara za vumbi ambayo hayana kosa lolote huku kwetu.

Angalia na herufi ya mwendo inayofuata namba ya uzito. Matairi mengi ya baridi ya Kijapani yana Q, yaani mwisho kilomita 160 kwa saa. Tairi la kawaida la Aqua la 175/65R15 huandikwa 84S: namba 84 ni kilo 500 kwa kila tairi, S ni kilomita 180.

Kisha tafuta namba nne za tarehe. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hili ndilo muuzaji hapendi ulisome. Tairi lililozidi miaka 10 usilifunge hata likiwa na kashata la kukukata kidole, na lililozidi 5 likague nyufa kila unapolisafisha. Kina cha mifereji kipime kwa kijiti cha kiberiti na rula. Nchi nyingi zimeweka milimita 1.6 kuwa mwisho, lakini kwa mvua za masika mimi nisingeingia barabarani na chini ya 3.

HESABU YA KILOMITA

Muuzaji wa tairi la mtumba anakuuzia bei. Wewe unanunua kilomita. Chukua mfano huu wa darasani, kisha weka bei za duka lako. Tuseme tairi la baridi la mtumba ni Sh. 70,000 na litakupa kilomita 10,000 kwenye joto. Hiyo ni Sh. 7 kwa kilomita. Tuseme jipya la kawaida ni Sh. 180,000 na litakupa kilomita 45,000. Hiyo ni Sh. 4. Kwa matairi manne, kila kilomita 1,000 zinakula Sh. 28,000 kwa lile la rahisi na Sh. 16,000 kwa lile la ghali. Bampa na taa hatujaviweka kwenye hesabu.

Wasomaji wenye umri watalikumbuka tairi la General la Arusha. Kiwanda kile hakizalishi tena, na tairi jipya linalofika Kilosa leo limetoka nje ya nchi, la bei ya juu na la bei ya chini, zuri na baya kwa pamoja. Ukinunua la Kijapani lenye lebo, zimo alama mbili zilizoanza kutumika huko mwaka 2010. Moja ni ya wepesi wa kuzunguka, ambayo bora yake ni AAA; nyingine ni ya kushika barabara yenye maji, kuanzia a hadi d. Muuzaji atakusifia AAA kwa sababu una haibridi, na kweli itakupunguzia petroli kidogo. Kwa barabara zetu ningeanza na ile ya pili. AAA yenye d ya maji ni ya mtu asiyejua vuli.

RIMU NDIYO MALI

Sasa nije kwenye biashara yenyewe. Ile seti ya baridi ambayo tairi lake halifai mara nyingi ina rimu inayofaa kuliko iliyo kwenye gari lako.

Mjapani hanunui rimu ya kupendeza kwa ajili ya theluji na chumvi. Hununua ya bei nafuu, mara nyingi ya chuma, na mara nyingi ndogo kuliko ya kiangazi. Hiyo ndiyo rimu ya Kidete. Prius ya umbo la tatu, ile iliyotoka mwaka 2009, hupatikana na rimu za inchi 17 zenye tairi la 215/45, au inchi 15 zenye 195/65. Piga hesabu ya ubavu: ya kwanza ina sentimita 9.7 za mpira kati ya rimu na barabara, ya pili ina 12.7. Sentimita hizo 3 ndizo zinazolipokea jiwe badala ya rimu. Aqua nayo ipo yenye inchi 16, 195/50, ambayo ubavu wake ni sentimita 9.75, wakati ya inchi 15, 175/65, ina zaidi ya 11. Vijana wa mjini watakucheka kwa rimu ndogo. Waache.

Rimu ya chuma ikigonga jiwe hupinda, na fundi hodari anaweza kuinyoosha kwa nyundo. Ya aloi ni nyepesi na inapendeza, lakini kipigo kikali huipasua, na rimu ya aloi iliyochomelewa sikushauri uifunge mbele hata kwa siku moja.

Ukinunua rimu za mtumba, beba vipimo. Aqua, na Axio na Fielder za haibridi, zina nati nne kwenye duara la milimita 100. Prius ya umbo la tatu ina nati tano kwenye duara hilohilo la 100. Harrier ya haibridi ya 2014 na Honda Vezel zina nati tano kwenye duara la 114.3. Honda Fit ni nne kwa 100 kama Aqua, na hapo ndipo watu hudanganywa. Tundu la katikati la Toyota hizi ndogo ni milimita 54.1, la Fit ni 56.1. Rimu ya Toyota haitaingia kwenye Fit. Ya Fit itaingia kwenye Aqua, lakini itakaa na nafasi na kutetemeka mpaka uiwekee pete. Zaidi ya hapo, nati za Honda zina kikalio cha duara na za Toyota cha mshazari. Uzi wa nati ni uleule, hivyo fundi atafunga na kukuambia kazi imekwisha. Baada ya safari mbili nati zitakuwa zimelegea.

Tazama pia kutu. Rimu za mikoa ya theluji zimeogeshwa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Kutu ya usoni ni ya kupiga msasa na rangi, lakini kutu iliyokula ukingo ambapo tairi hukalia itavujisha upepo kila asubuhi.

Wapo wanaotaka kuliinua gari, kwa kuwa Aqua iko sentimita 14 tu kutoka ardhini. Kutoka 175/65R15 kwenda 185/65R15 kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 2, na gari linapanda milimita 6 na nusu. Hiyo inavumilika, saa ya mwendo ikisoma 100 unakwenda 102 hivi. Ukienda 195/65R15 unavuka asilimia 4, tairi linaanza kugusa mahali lisipotakiwa na petroli uliyoiokoa inarudi kituoni. Milimita chache hazitakuvusha mto uliofurika. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaling'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe, sembuse Aqua yenye betri kubwa chini ya kiti cha nyuma.

TAIRI LA TANO

Fungua buti la Aqua. Mengi yaliyotoka Japani hayana spea. Utakuta kichupa cha dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo ya umeme, na kichupa hicho huenda muda wake umekwisha kabla gari halijapanda meli. Dawa hiyo huziba tundu la msumari kwenye kashata. Ubavu uliopasuliwa na jiwe hauzibi. Mahali ambapo fundi pancha yuko mbali, gari lisilo na spea ni gari linalosubiri kulala njiani. Nunua magurudumu matano, na jeki, na spana ya nati inayolingana.

Kiasi cha upepo kisome kwenye kibandiko kilicho mlangoni kwa dereva. Kimeandikwa kwa kilopaskali: 230 ni sawa na paundi 33. Ukimwachia fundi atajaza 45 "kwa sababu ya mzigo", na kashata litakwisha katikati. Kuhusu mzigo wenyewe, Wajapani waliihesabu Aqua kwa watu watano wa kilo 55 kila mmoja, jumla kilo 275. Dereva na magunia mawili ya kilo 100 wamekwisha kuimaliza.

Na ukikwama kwenye tope, usikanyage mafuta kwa hasira. Magari haya yakihisi gurudumu linateleza hujipunguzia nguvu yenyewe, na madereva wengi hudhani yameharibika. Shuka, weka matawi au mawe, ondoka polepole.

Mjomba alipotengeneza gari lake tulikwenda pamoja Gerezani, Kariakoo. Tulikuta seti ya baridi: rimu tano za chuma za inchi 15, nati nne kwa 100, kutu ya usoni tu. Tairi zote zilikuwa Studless.

"Nitolee rimu tupu, mwanangu," mjomba alimwambia muuzaji.

"Mzee wangu, seti haivunjwi."

Walivutana nusu saa. Seti haikuvunjwa, tukaichukua nzima, matairi mapya tukanunua duka jingine. Fundi aliyeyafunga akajitolea kuyanunua yale ya zamani papo hapo. Alikuwa na mteja wa Vitz, alisema. Mjomba aliutazama ule mtaro wa Rudewa kichwani mwake kwa muda, kisha akakataa. Tukayapakia.

Kilosa mjini yupo mzee anayekata makatambuga na kuwauzia wafugaji. Aliyabonyeza kwa kidole gumba, moja baada ya jingine, akatikisa kichwa. Angeyachukua, alisema, lakini kwa nusu ya bei anayolipia tairi la lori, maana mpira huu ni laini na wateja wake hutembea sana.